Taa ya Yaka inakukonyeza: jinsi ya kumjua mla umeme ndani ya nyumba yako

Mi naishi Walukuba hapa Jinja, Uganda, nikipanda boda dakika chache tu niko darajani, na mabwawa ya umeme ya Mto Nile yako hapo hapo, Nalubaale iliyofunguliwa 1954, Kiira jirani yake, ukishuka na mto kidogo unakuta Bujagali. Yaani umeme unazaliwa mlangoni kwangu. Lakini Yaka yangu, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inalia kila wiki kama mtoto anayeota meno, natia tokeni ya elfu ishirini leo, Ijumaa tena inalia, na kila ikilia mi nailaumu kampuni. "Hawa watu wanatuibia," namwambia mama watoto. Siku moja akachoka kunisikia akasema, "Baba, si uende ukaiangalie hiyo mita, badala ya kugombana na ukuta?"

Nikaenda. Nimejifunza vitu ambavyo ningetamani mtu aniambie miaka mitano iliyopita, ndo naviandika hapa kwa anayenunua Yaka akiwa hajui zinaenda wapi. Kama unatafuta ile orodha ya "zima taa ukitoka chumbani" hiyo unaijua tayari, na nikuambie ukweli, taa ya LED ya chumbani siyo inayokumaliza.

Anza na mita, usianze na kukisia

Mita ya Yaka ina kitaa kidogo chekundu kinachokonyeza. Karibu na hicho kitaa wameandika namba, mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, chungulia yako inasemaje. Maana yake ni rahisi: kama ni 1000, basi kikikonyeza mara elfu moja umemaliza yuniti moja. Kikikonyeza haraka kuna kitu kinakula sana, kikikonyeza polepole kinachokula ni kidogo, kikitulia kabisa hakuna anayekula.

Sasa fanya hivi. Siku mko nyumbani, zima kila kitu, chomoa mpaka chaja, friji nayo chomoa kwa dakika kumi hazitaiua. Nenda mbele ya mita na simu yenye saa, simama. Sisi tulifanya Jumamosi asubuhi, mama watoto kashika simu, mi nimekodolea macho mita kama nasubiri matokeo ya mtihani. Kimya. Nikaanza kujisifu. Alafu kikakonyeza. Tukangoja, dakika moja kamili, kikakonyeza tena. Dakika nyingine, tena. Nyumba nzima imezimwa na kuna mtu bado anakula!

Hesabu yake ni hii: kwa mita ya 1000, hesabu kimekonyeza mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60, unapata wati. Mara moja kwa dakika ni wati 60. (Kama yako ni 1600 zidisha kwa 37 na nusu.) Wati 60, nikajiuliza, kitu gani kina wati 60 kamili? Balbu. Ile balbu ya zamani ya waya unaowaka njano. Tukazunguka nyumba, nyuma kabisa kwenye mabafu, juu ya mlango, kuna balbu imejaa vumbi na utando wa buibui inawaka mchana kweupe, haina swichi, imefungwa na fundi wa miaka hiyo kabla sisi hatujahamia, na ua mzima tulikuwa tunaamini ni ya landilodi. Nikaikung'uta ikiwa ya moto na kitambaa, nikaichomoa, nikarudi kwa mita. Dakika tano, hakuna kitu. Kimya cha raha.

Piga hesabu na mimi: wati 60 mara masaa 24 ni yuniti 1.44 kwa siku, kwa mwezi ni yuniti 43. Balbu moja ya bafuni! Wakati huo nilikuwa namaliza kama yuniti 140 kwa mwezi, kwa hiyo karibu theluthi ilikuwa inamulika ukuta wa bafu saa sita mchana. Sasa iko LED ya wati 7, na swichi, inawaka usiku tu, haifiki hata yuniti 3 kwa mwezi.

Kama umezima vyote na mita bado inakonyeza na hakuna balbu iliyojificha, basi ama waya unavujisha mahali (kwenye nyumba za zamani waya unapita ukutani penye unyevu, hii ipo sana), ama jirani amejiunga kwako. Hapo usianze kuchokonoa mwenyewe, tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, wale wasimamizi wa umeme wa serikali, siyo yule kijana wa plaisi na slipasi.

Wengine mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mmepewa kile kidude cha kubonyezea namba tu. Haina shida. Kinaonyesha yuniti zilizobaki mpaka pointi. Andika namba, washa kitu kimoja tu kwa saa nzima, andika tena, toa. Ndo ulaji wake kwa saa. Polepole kidogo lakini inafika kule kule.

Baada ya hapo pima kimoja kimoja. Pakoleta yetu, ile birika ya umeme, mita ilikonyeza mara 33 kwa dakika, hesabu hapo ni karibu wati 2,000. TV ya inchi 32 ilikonyeza mara moja moja tu. Watoto walicheka, wakaanza kuiita pakoleta "mheshimiwa".

Bei yenyewe inavyokaa

Hii sehemu watu wengi hawaijui na ndo inayobadilisha mpango mzima, kwa hiyo vumilia hesabu.

Umeme wa nyumbani Uganda hauna bei moja. ERA ndo wanapanga bei na wanaipitia kila robo mwaka, kwa hiyo angalia ya sasa, lakini mpangilio wenyewe ni huu, na namba hizi ni za 2025 baada ya UEDCL, kampuni ya serikali, kuchukua kazi ya kusambaza umeme mwezi wa nne: yuniti 15 za kwanza za kila mwezi ni shilingi 250 kila moja, hiyo ni ya kumsaidia mtu wa chini. Kutoka 16 mpaka 80 bei inaruka mpaka 756. Alafu hapa ndo kuna kituko, kutoka 81 mpaka 150 inashuka mpaka 412, hiyo wanaiita bei ya kupikia, iliwekwa ili watu waache mkaa wapikie umeme. Ukipita 150 inarudi 756. Juu ya hiyo yote weka VAT asilimia 18, na ada ya huduma ya 3,360 kila mwezi.

Ndo maana ukinunua ya elfu kumi tarehe mbili unapata yuniti nyingi tu, ukirudia elfu kumi tarehe kumi na tano unapata kidogo unaanza kupiga kelele. Hujaibiwa, zile 15 za bei nafuu umeshazimaliza, mwezi haujaisha. Na ukikaa mwezi bila kununua ada ya huduma inakusubiri, ukija kununua wanaikata yote pamoja, hii iliwatoa machozi watu waliosafiri kijijini Krismasi.

Kununua mara moja au kununua kidogo kidogo ndani ya mwezi huo huo haibadilishi jumla, usidanganywe. Ila kununua yuniti za miezi mitatu kwa mpigo inabadilisha jumla: zile 15 za 250 unazipata mara moja tu badala ya mara tatu, ingawa nyingine zinaweza kuangukia kwenye bei ya 412. Piga hesabu yako kwanza.

Wapangaji wa mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga vya mstari, mnaoishi vyumba sita mita moja, nyinyi mnagawana hizo 15 watu sita, alafu landilodi anakuuzia yuniti elfu moja kwenye mita ndogo. Hapo hesabu yako ni fupi: kila yuniti ni elfu, hakuna nafuu mahali. Kama unakaa muda mrefu mshawishi akuachie uombe mita yako mwenyewe.

Sasa angalia ilivyo kwangu. Yuniti 140 ilikuwa inanitoka kama elfu tisini na tano. Nilipobana mpaka 75 ikawa kama elfu sitini na mbili. Nikafurahi. Lakini baadaye nikagundua kitu kingine: ukishajibana hivyo, yuniti za 81 kwenda 150 zinakaa hapo kwa bei ya 412, na VAT ni kama 486, wakati mi bado nanunua mkaa kila siku. Yaani nilikuwa nimefunga mkanda upande mmoja huku mfuko unavuja upande wa pili. Ntarudi hapo kwenye maharagwe.

Vinavyotoa joto ndo wala nyama

Kanuni ni moja: kitu chochote ambacho kazi yake ni kupasha moto kinakula kuliko vitu vyote vinavyotoa sauti, picha au mwanga. Pakoleta, hotpleti, pasi, heta ya bafuni, koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Hivyo vitano vikikaa vizuri umemaliza kazi kubwa.

Pakoleta haina ubaya wenyewe, kwa kweli inachemsha maji vizuri kuliko hotpleti, manake moto uko ndani ya maji. Ubaya ni sisi. Kujaza lita 1.7 inakula karibu yuniti 0.18. Kikombe kimoja ni kama 0.03. Kwetu kila mtu alikuwa akitaka chai anajaza mpaka juu, anamimina kikombe, mengine yanapoa, mwingine anakuja anachemsha tena yale yale. Mara tatu kwa siku ikiwa imejaa ni nusu yuniti, kwa mwezi yuniti 15, yaani zile zote za 250 umezinywa kama chai. Sasa asubuhi tunachemsha mara moja, tunatia kwenye chupa ya chai, mpaka saa nane bado yanaunguza ulimi. Na toa ule ukoko mweupe unaoganda chini, ndimu au siki na maji, ichemshe kidogo, iache, osha.

Heta ya bafuni, ile inayowekwa kwenye bomba la mvua, ndo jambazi kabisa. Nyingi ziko kati ya wati 3,500 na 5,500. Dakika kumi za kuoga huku unaimba ni karibu robo tatu ya yuniti, watu watano kwa siku ni karibu yuniti nne. Na hapa Jinja baridi gani hiyo? Kabale na Kisoro nawaelewa, huko ruhusa. Sisi wengine jerikeni nyeusi ya lita 20 juani tangu saa nne, saa kumi na moja jioni watoto wanaoga maji vuguvugu ya bure. Ile koili ya kutumbukiza ndooni mi nimeitupa, siyo kwa bei, ndoo nzima ya kuoga ni kama nusu yuniti tu, ila inaua watu, mtoto anatia mkono kupima maji ikiwa bado iko kwenye soketi. Sitaki hata kuiona.

Pasi: nyoosha zote siku moja. Inapokula ni pale inapotafuta joto tangu baridi, kwa hiyo kupiga pasi shati moja kila asubuhi ni kulipia kupasha pasi mara saba. Jumapili jioni sisi tunapiga yunifomu zote, tunaanza na vitambaa vyepesi joto likiwa bado dogo, zile za pamba nzito zinafuata, alafu tunachomoa na vitambaa vya mwisho na vilemba vinanyooka na joto lililobaki. Nguo ikiwa na unyevu kidogo inanyooka haraka, ikikaushwa mpaka ikawa kama kaukau utasukuma pasi mpaka kesho.

Mashine ya kufua kama unayo, weka maji baridi. Hiyo tu.

Maharagwe, mkaa na zile yuniti za 412

Hotpleti ya koili ukiichemshia maharagwe makavu masaa matatu utakula yuniti mbili mpaka tatu, na jioni voltiji ikishuka inakuwa inapasha pasha tu, chakula hakiivi na joto linapotea hewani. Hapo mkaa unashinda, sibishi. Ndo maana watu wanasema umeme ni ghali kupikia, wanapima na hotpleti.

Presha kuka ya umeme ni kitu kingine. Yangu ni wati 1,000, lita sita. Maharagwe ya kilo moja niliyoloweka usiku, dakika kama arobaini, na sehemu kubwa ya hizo dakika inajizima yenyewe manake presha imeshafika. Niliipima kwa mita, siyo kwa maneno ya muuzaji: haikufika nusu yuniti. Kwa bei ya 486 hiyo ni chini ya shilingi 250 kupika maharagwe ya siku mbili. Mkaa wa kopo la 2,000 ulikuwa haunimalizii maharagwe na posho. Na molokoni, yaani kwato za ng'ombe, nyama ya ng'ombe mzee wa Karamoja, hivyo vyote ndo vinafaa humo. Nilipomwonyesha mama watoto ile namba alikaa kimya, alafu akasema, "Kumbe sigiri ndo ilikuwa inatula," yaani jiko la mkaa, akachukua sufuria akaenda zake.

Matooke ya kufunga kwenye majani, yanayotaka moto mdogo masaa mengi na heshima zake, hayo mwachie sigiri, kuna vitu haviendi kwa hesabu. Lakini katogo, yale matooke ya kupika pamoja na mchuzi, inaingia presha kuka bila shida.

Ukibaki na hotpleti basi: sufuria iwe na kitako bapa, ile iliyobonyea inagusa koili mahali pamoja tu, funika na mfuniko wake siyo sahani, loweka kila nafaka, na kama ni ile hotpleti ya chuma kizima siyo ya waya, izime dakika tano kabla, chuma kinabaki na moto wa kutosha kumaliza wali. Ukimaliza kuchemsha unaweza kuvika sufuria blanketi au kuitia ndani ya kikapu chenye nguo kuukuu, wali unajimalizia humo. Bibi zetu walifanya hivyo bila kuambiwa ni teknolojia.

Friji, hii inataka muda

Friji haina wati nyingi, kompresa ya friji ndogo ni wati mia hivi, lakini haiendi likizo. Ndogo mpya ya mlango mmoja inakula kama nusu yuniti mpaka 0.8 kwa siku. Zile za mtumba zilizotoka ng'ambo, kubwa kama kabati la sacco, zinaweza kula yuniti mbili kwa siku, hiyo ni 60 kwa mwezi. Umenunua friji kwa laki tatu ukashangilia, kumbe umeajiri mtu wa mshahara. Kabla hujanunua mtumba muombe muuzaji aiwashe, angalia kibandiko cha nyuma wanaandika nini, na sikiliza: kompresa isiyonyamaza hata baada ya nusu saa, achana nayo. Za inveta ni ghali dukani ila zinakula kidogo, na zinavumilia umeme wetu wa kupanda na kushuka.

Uliyonayo tayari, anza na raba ya mlango. Chukua noti ya elfu moja, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, ivute. Ikitoka kama sigara kwenye pakiti, raba imekwisha, baridi inatoka usiku kucha na wewe unaipoza sebule. Zungusha noti pande zote nne. Yangu ilikuwa mbovu kona ya chini upande wa bawaba. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaivuta vuta ikiwa laini, ikarudi. Ikikataa fundi anabadilisha.

Isogeze kutoka ukutani kama kiganja na nusu, nyuma panatakiwa kupumua, na pangusa vumbi kwenye zile nyaya za nyuma. Usiiweke karibu na sigiri au dirisha la jua la mchana. Ile namba ya ndani, watu wengi wanafikiri 1 ndo baridi sana, hapana, kwenye friji nyingi namba kubwa ndo baridi zaidi, yetu mtoto alikuwa ameizungusha mpaka 7 na maziwa yanaganda. Weka 2 au 3. Chakula cha moto kipoe kwanza. Barafu ikifika unene wa kidole kidogo, chomoa friji, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani. Usichukue kisu. Narudia kwa uchungu, usichukue kisu, mi nilichukua mwaka fulani kwa haraka ya mgeni, nikasikia psssss, gesi yote ikatoka, na nyama ya Idi ikabidi igawiwe majirani jioni hiyo hiyo. Walinishukuru sana.

Kuna wanaoizima usiku kucha ili kubana. Utaokoa kidogo kweli, lakini asubuhi kompresa inafanya kazi mfululizo kurudisha baridi, na nyama na maziwa vimeshapata joto. Mi siwezi. Afadhali kama iko nusu tupu jaza chupa za maji, umeme ukikatika zile chupa zinashika baridi. Na nunua kile kidude cha kulinda friji kinachongoja dakika chache umeme ukirudi, kompresa moja ikiungua umemaliza akiba ya mwaka mzima.

Vidogo ambavyo tunavigombania bure

Simu. Nyumba nyingi zina vita ya chaja, na landilodi wengine wanatoza chaji ya simu. Betri ya simu ya kawaida ikijaa kutoka sifuri ni kama wati-saa 20 na kitu, ukichaji kila siku mwezi mzima haifiki yuniti moja. Waache watoto wachaji.

Dekoda ndo mnafiki. Ukizima kwa rimoti bado iko macho, wati kumi hivi, mchana na usiku, ni yuniti 7 kwa mwezi ukiwa hata hujaangalia mpira. Sabufa nayo na kile kitaa cha buluu. Sisi tumeweka vyote kwenye ekstensheni moja yenye swichi, wa mwisho kulala anaikanyaga tak, basi. Hiyo ekstensheni iwe ya maana, siyo ile ya elfu tano inayopata moto, na usichomeke pakoleta humo.

Feni wati 50, isikusumbue. LED zote siku hizi bei yake inalingana na soda chache, kama una balbu ya njano hata moja itoe leo, hasa ya nje, manake ya nje ndo inawaka masaa 12.

Na hivi viwili usiviguse

Kwanza kamyufu, yule fundi wa usiku anayekuambia atapitisha waya pembeni mita isione. Sheria ya umeme ilirekebishwa 2022, adhabu zikapandishwa sana, na mbali na sheria, waya wake hauna ulinzi wowote, mabati yanapata umeme, mvua ikinyesha mtoto anagusa mlango.

Cha pili ni kile kiboksi wanachotembeza kwenye teksi paki na mtandaoni, ati unachomeka kwenye soketi na bili inashuka nusu. Shemeji yangu alinunua, akaniletea kwa furaha. Tukawasha pasi, tukahesabu kitaa cha mita bila kiboksi, alafu na kiboksi. Mara 18 kwa dakika, na mara 18. Nikakifungua na bisibisi: ndani kuna kapasita moja ya kahawia na kitaa kidogo cha kijani cha kukuonyesha kuwa kinafanya kazi. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliotumika kweli, kapasita haina la kuiambia. Shemeji akauliza kama anaweza angalau kukitumia kama taa ya usiku ya chumba cha watoto. Tukakipima.